Kikundi cha vijana: kurudisha mikoko kwenye majaruba ya chumvi yaliyoachwa, tuanzie wapi?

katibu_hori (Tanga)

Wakuu, salamu. Kikundi chetu ni vijana thelathini hivi, wengi wavuvi na waliomaliza kidato cha nne, na tunataka kurudisha mikoko kwenye hori (mkono wa bahari) la mtaa wetu. Sehemu tulizonazo ni mbili.

Ya kwanza ni majaruba ya chumvi yaliyoachwa, kama hekta moja na nusu. Matuta bado yamesimama isipokuwa mahali pamoja palipobomoka, na maji huingia hapo wakati wa bamvua tu (maji makubwa ya mwezi mpya na mpevu). Yakishapwa hubaki madimbwi, yanakauka, ardhi inageuka nyeupe. Pembeni kuna michu (aina mojawapo ya mikoko) michache iliyodumaa, inafika kiunoni.

Ya pili ni uwanda wa tope mbele ya msitu, unatazama ghuba. Ni mpana, haudaiwi na mtu, na maji yakipwa sana unaona nyasi bahari upande wa chini.

Mfadhili yuko tayari kulipia miche 10,000 ya mkoko ipandwe tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Yeye anapendelea hapa pa pili kwa sababu pako wazi na watu wataenea.

Naomba kujua: tuchague wapi, tupande aina gani, miche tuotesheje, na hiyo tarehe inafaa? Anayeijua kazi hii atupe mambo ya kufanya kwa mikono.

---

Mpimamaji

Ndugu katibu, uwanda wa tope uacheni. Mahali ambapo mikoko haikuwahi kuota kuna sababu yake, na mara nyingi sababu ni kina. Mti huu hauishi ndani ya bahari. Unaishi mahali ambapo bahari huja na kuondoka. Kipimo cha kukumbuka: ardhi ikifunikwa na maji zaidi ya theluthi moja ya muda wote, mche utakosa hewa mizizini na kufa, hata ukiupanda kwa ustadi gani. Na hapo penye nyasi bahari mkipanda mtaharibu malisho na maficho ya samaki wadogo kwa ajili ya miti ambayo haitaishi.

Mfadhili akibisha, mwambieni habari ya Sri Lanka. Baada ya tsunami ya 2004 walipanda mikoko kwenye hekta 1,000 hadi 1,200. Watafiti walipokagua maeneo 23, maeneo 9 hayakuwa na hata mche mmoja hai, na eneo lililofanikiwa kwa jumla lilikuwa hekta 200 hadi 220 tu. Mengi yaliharibika kwa kupanda mkoko, ile aina moja yenye mbegu ndefu, mahali pasipo pake. Ufilipino nako yametokea hayo hayo: mkoko kupandwa kwenye tope la mbele, mahali pa aina nyingine, mlilana na mchu, kwa sababu tu mbegu za mkoko ni kubwa na rahisi kuokota.

Kazi yenu ya kwanza basi ni kupima usawa wa ardhi, na haihitaji mtaalamu kutoka mbali.

Ingieni msitu wa asili ulio kwenye hori hilo hilo, si hori jingine. Tafuteni miche iliyojiotea yenyewe, yenye mwaka mmoja au miwili, ya kila aina. Kwa pwani yetu mpangilio wa kawaida kutoka baharini kwenda nchi kavu ni mlilana, kisha mkoko, muia, mkandaa, halafu mchu na kikandaa kule juu. Mchu hujitokeza pia mbele kabisa karibu na mlilana, kwa hiyo msishangae mkiuona kote kuwili. Mahali miche hiyo ilipo ndipo usawa wake. Pigeni kigingi.

Kuuhamisha usawa huo hadi sehemu yenu, njia nyepesi ni kuyatumia maji yenyewe. Siku ya bamvua isiyo na upepo, mmoja akae msituni kwenye kigingi, mwingine sehemu ya kupanda. Maji yanapojaa na kugusa kigingi, wa msituni anapiga simu. Wa pili anachomeka kijiti pale ukingo wa maji ulipofika dakika hiyo. Mstari wa vijiti hivyo una usawa sawa na miche ya msituni. Ila njia hii haifai ndani ya majaruba, kwa sababu matuta huchelewesha maji na mtapata mstari wa uongo.

Kwa majaruba tumieni mpira wa leveli wa mafundi waashi: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 15, na fito mbili zilizowekewa alama za sentimita. Jazeni maji, toeni mapovu yote (povu moja tu linaharibu kipimo), kila mtu aegemeze ncha kwenye ufito wake, subirini maji yatulie. Tuseme kwenye mche wa asili maji yanasimama sentimita 80 kutoka ardhini, na kwenye jaruba yanasimama 125. Jaruba liko chini kwa sentimita 45. Kwa mkoko tofauti hiyo ni kubwa mno. Mkiwa mbali, hameni kituo kwa kituo na kuandika kila tofauti daftarini.

---

BiKitalu (Pemba)

Vijana, hongereni. Mimi nitasema ya mbegu na kitalu tu.

Mkoko, muia na mkandaa mbegu zao huota zikiwa bado mtini, ndiyo ile fimbo ya kijani inayoning'inia. Ya mkoko iliyokomaa ina kola ya manjano pale fimbo inapokutana na tunda. Isipokuwa na kola haijakomaa, msiivute. Njia salama ni kutikisa tawi na kuokota zilizoanguka zenyewe. Okoteni chini ya miti mingi iliyotawanyika, si mti mmoja, ili kizazi kisiwe cha mama mmoja. Ya mkandaa ni fupi na nyembamba, nayo ina kola yake. Ya muia ina kikombe chekundu kichwani: kiacheni, kitaanguka chenyewe, mkikibandua mnaweza kuking'oa na kichipukizi.

Kila mbegu igeuzeni mkononi. Yenye tundu dogo kama la sindano imeshaingiwa na kidudu kitoboaji. Itaota majani mawili, itanyauka. Iliyokunjamana ngozi itupeni. Zilizobaki ziwekeni kivulini ndani ya gunia bichi, zipandwe ndani ya wiki moja. Kaa wakiwa wengi, ziacheni kivulini siku chache bila kuzilowesha zikaukekauke kidogo. Kaa hupenda mbegu mbichi na hizi huzikwepa.

Mchu ni kazi nyingine. Mbegu yake ni bapa, imevaa ganda. Lowekeni usiku kucha, ganda litavuka lenyewe, kisha laza mbegu juu ya udongo na kuibonyeza kidogo upande wa kijizizi. Usiifukie, itaoza. Mlilana ndio mgumu: tunda bivu hulowekwa hadi lilainike, hupondwa, mbegu zake ndogo huoshwa na kusiwa kwenye trei ya tope laini, na hung'olewa kutiwa kwenye viriba (vifuko vya plastiki vya miche) zikishapata majani manne.

Kitalu kiwekeni mahali maji ya chumvi yanafika kwa siku nyingi za mwezi lakini hayatulii. Mkikiweka nchi kavu mtamwagilia hadi mchoke, na mche uliolelewa kwa maji matamu ukipelekwa ghafla kwenye chumvi hupata mshtuko. Viriba vya inchi 5 kwa 8 vinatosha, vitobolewe chini na ubavuni. Udongo ni tope la mikoko lililochanganywa na mchanga kidogo ili lisigande. Paa la makuti lipitishe nusu ya jua. Mwezi mmoja kabla ya kupanda, punguzeni makuti kidogo kidogo hadi miche izoee jua kali. Mkoko uko tayari baada ya miezi minne hadi sita, ukiwa na majani sita hivi. Mkichelewa, mzizi unatoboa kiriba na kushika chini, na siku ya kuuhamisha mnaukata.

Siku ya kupanda kiriba kitolewe chote na kihesabiwe. Miche 500 ikienda, viriba 500 virudi. Nimesema hili kwa herufi ndogo lakini lichukueni kwa uzito: plastiki iliyoachwa kwenye tope hukunja mizizi, na haina maana kusafisha bahari kwa mkono mmoja na kuichafua kwa mwingine.

---

katibu_hori (Tanga)

Asanteni sana, tutaanza na kupima. Sasa majaruba: matuta yabomolewe yote? Na tukiyafungua, chumvi iliyoganda itaondokaje? Halafu kuna mwenzetu anasema tukishapanda tutauza hewa ya ukaa, yaani tulipwe kwa kaboni inayohifadhiwa na miti, kama wale wa Gazi kule Kenya. Kuna ukweli?

---

MwanaHori (Kwale)

Kabla ya jembe, karatasi. Majaruba mengi yana mwenye leseni au hati hata kama yameachwa, kwa hiyo ulizeni serikali ya mtaa na halmashauri nani aliyaomba na lini muda wake unaisha. Kwa upande wenu wa Tanzania bara mikoko iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), basi barua iende ofisi ya wilaya, ikiwa na ramani ya eneo na idadi ya miche. Kama hori limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kibali chao nacho kinatakiwa. Ishirikisheni mapema BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) ya hapo, maana wavuvi ndio watakaolinda au kukanyaga miche yenu. Huku Kenya vijana hupitia chama cha jamii cha msitu pamoja na KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya), kwa mujibu wa sheria ya misitu ya 2016.

Sasa matuta. Msiyabomoe yote, ni kazi ya bure. Tafuteni mkondo wa zamani. Kabla jaruba halijajengwa maji yalikuwa na njia yake, na mara nyingi bado inaonekana: mstari wa tope jeusi lililo chini kidogo kuliko mengine, ukielekea kwenye hori. Picha za setilaiti za miaka ya nyuma husaidia, wazee waliofanya kazi ya chumvi husaidia zaidi. Tuta likatwe pale mkondo ulipokuwa ukipita, na likatwe hadi usawa wa sakafu ya mkondo wenyewe. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakata nusu ya tuta, maji ya bamvua yanaruka kuingia, lakini hayatoki. Mnakuwa mmetengeneza jaruba lile lile. Upana wa mita mbili au tatu unatosha kuanzia, mkondo utajipanua wenyewe.

Mkato wa pili uwe kwenye pembe ya chini kabisa, pale dimbwi linapobaki. Udongo mnaoutoa rudisheni kwenye mtaro uliochimbwa kujengea tuta. Mkiulundika kando utarudi na mvua na kuziba. Chimbeni wakati wa maji mafu (siku ambazo maji hujaa kidogo), ndipo ardhi inakuwa kavu kwa siku kadhaa mfululizo.

Baada ya bamvua ya kwanza nendeni mkakague maji yakishapwa. Dimbwi linalobaki saa nyingi kwenye jua ndilo muuaji: maji yanapata moto, chumvi inapanda, mbegu inachemka. Chimbeni kijitaro chembamba cha kina cha jembe moja kuliunganisha na mkondo. Fanyeni hivyo hadi sakafu nzima iwe inatoa maji yote.

Chumvi itaondolewa na bahari yenyewe pamoja na mvua. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Ukoko wa jaruba una nyingi kupita hapo, kwa hiyo yakiingia na kutoka huuyeyusha. Yapeni masika moja nzima kabla ya kupanda chochote. Mkiweza kuazima refraktometa (kipima chumvi) ya mkononi kutoka chuo au ofisi ya uvuvi, chimbeni shimo la sentimita 30, acheni maji yachuruzike ndani, pimeni hayo. Mkoko hupenda chumvi isizidi sana ile ya bahari. Mchu ndio mvumilivu kuliko wote, ndiyo maana huo wenu umesalia pembeni ingawa umedumaa. Angalieni na maji yenye rangi ya kutu: tope la mikoko lililokaushwa miaka mingi huweza kuwa na asidi, na hapo mtahitaji bamvua nyingi zaidi za kuosha.

Halafu subirini. Nasema hivi kwa sababu hamu ya kupanda ni kubwa kuliko subira. Maji yakirudi sawasawa, mbegu za msitu wa jirani huelea na kuingia zenyewe. Mnaweza kuzisaidia: okoteni mbegu za mchu, mzimwage kwenye mdomo wa mkato maji ya bamvua yanapoanza kujaa, yatazisambaza kuliko mikono yenu. Mkikuta mche mmoja wa asili kwa kila mita mbili za mraba, hiyo ni miche 5,000 kwa hekta na hamna haja ya kupanda. Pandeni penye mapengo tu.

Gazi ni kweli. Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa hapo, walianza mradi wa hewa ya ukaa 2013, kwenye hekta 117, tani 3,000 hivi kwa mwaka, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule za kijiji. Vanga wakafuata 2019 kwenye hekta 460 na zaidi. Lakini tazameni ukubwa huo, na kwamba sehemu kubwa ya kaboni ile ni msitu uliokuwepo ukalindwa usikatwe. Hekta moja na nusu ya miche haiwezi hata kulipa ukaguzi. Kama mnataka kipato, mizinga ya nyuki pembeni ya mchu na kuuza miche ya ziada viko karibu zaidi.

---

Mpimamaji

Naongeza mambo mawili na kupinga moja.

Ninalopinga kwa BiKitalu, kwa heshima: kwa mkoko, muia na mkandaa kitalu si lazima. Mbegu iliyokomaa ikichomekwa moja kwa moja mahali pake huota vizuri na gharama ni ndogo sana. Mkoko uzame theluthi moja ya urefu wake, mkandaa sentimita nne au tano, ncha ya kichipukizi juu. Wageni wa sherehe huzichomeka kichwa chini mara nyingi, kwa hiyo awepo mtu wa kuzungukia. Kitalu kiwe cha mchu na mlilana, pamoja na miche ya kuzibia mapengo.

*(BiKitalu: Nakubali kwa sehemu tulivu. Penye kaa wengi au ng'ombe na mbuzi wanaopita, mche wa kitalu wenye shina gumu huokoka zaidi. Na ng'ombe anaupenda mchu.)*

Sawa, basi jaribuni kwa vipande: nusu mbegu, nusu miche, muone.

La pili, tarehe. Tarehe 5 Juni kusi (upepo wa kutoka kusini) limeshapamba moto. Ndani ya hori halidhuru sana, kwenye uwanda wazi linang'oa. Kikubwa zaidi ni mwezi. Kwa pwani yetu bamvua hujaa saa kumi au kumi na moja, na kupwa saa nne au tano asubuhi. Maji mafu ni kinyume: yanajaa asubuhi na kupwa saa kumi jioni. Angalieni 5 Juni ya mwaka huo inaangukia mwezi ngapi kabla hamjaalika mtu. Siku nzuri ya kupanda ardhi ya kati ni bamvua inapoanza kulegea, siku tatu nne baada ya mwezi mpya au mpevu: tope bado laini, na miche inapata wiki nzima ya maji dhaifu kushika mizizi kabla ya bamvua nyingine.

Kama mfadhili lazima awe na siku yake, mpeni kazi ya kukata tuta au kujaza viriba. Picha ya vijana wakifungua mkondo na maji yakiingia ni nzuri vilevile. Na fedha za miche 10,000 muombeni azigawe: kupima, kuchimba, kitalu kidogo, na posho ya wanaokagua kwa miaka mitatu. Kwa nafasi ya mita 1.5 kwa 1.5 hekta moja inachukua miche 4,400 hivi. 10,000 kwenye hekta moja na nusu ni kubananisha, na kama ya asili itaingia, hamtahitaji hata nusu.

La tatu, ukaguzi. Pimeni viwanja vitano vya mita 10 kwa 10, vigingi pembeni, vitawanyike juu, kati na chini. Hesabuni mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, na picha ipigwe kutoka kigingi kilekile. Kila mche uliokufa andikeni sababu, maana sababu ndiyo inayofundisha. Uliokatwa shingoni ni kaa. Wenye vitundu ni kidudu. Uliolala kuelekea upande mmoja ni mawimbi. Uliofunikwa na yale magamba makali yanayonata kwenye mashua na nguzo uko chini mno: msikwangue kwa kisu, mtachubua gome, uhamishieni upandaji juu. Majani yaliyoungua ncha ni chumvi au dimbwi. Kamba za nyavu na mwani ulioviringika ondoeni kila bamvua ikipita, huvuta mche ukang'oka. Mwaka wa kwanza ukiisha na zaidi ya nusu imekufa, msizibe mapengo. Rudini kwenye mpira wa leveli kwanza.

Bamvua ijayo pimeni, kisha wekeni hapa namba tatu: usawa wa miche ya asili ya mkoko na mchu, usawa wa sakafu ya jaruba katikati, na usawa wa sakafu ya mkondo nje ya tuta. Kwa hizo tutawaambia mkate wapi na kina gani.